Seyyid Barghash bin Said: Mtawala aliyeamuru maji safi yawafikie raia bila malipo

 



Familia nyingi za Kinondoni na Temeke hazijausahau mwezi wa Agosti 2015. Ndipo ugonjwa wa kipindupindu ulipozuka Kinondoni, ukaingia Ilala na Temeke, kisha ukasambaa katika mikoa mingi ya nchi na kuendelea kusumbua kwa muda mrefu. Akina mama walichemsha maji asubuhi na jioni, watoto walikatazwa kununua juisi na matunda yaliyomenywa njiani, mama lishe walikosa wateja, na wazee walioona magonjwa ya miaka ya nyuma walitikisa vichwa wakijua kinachokuja.

Kila aliyepita katika kipindi kile alijifunza jambo moja zito. Mtu anaweza kuwa msafi nyumbani kwake, akanawa mikono kila wakati, akafunika chakula chake na kutawadha mara tano kwa siku, lakini kisima anachochota ni cha mtaa mzima, na choo cha jirani kikitapishwa wakati wa masika, uchafu hauulizi ni nani aliyekuwa msafi. Afya ya mtu mmoja imefungamana na afya ya majirani zake. Na jambo linalowafunga watu wote kwa pamoja haliwezi kutengenezwa na nyumba moja. Linahitaji mwenye mamlaka aamke na kutoa amri.

Ijumaa hii tutayaangalia maisha ya mtawala mmoja wa Kiislamu wa pwani yetu aliyelitambua jambo hilo, naye si mwingine bali ni Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Hatutamsimulia kama malaika, kwa kuwa hakuwa malaika. Tutamsimulia kama mwanadamu aliyekuwa na makosa yake, lakini ambaye Mwenyezi Mungu alimjaalia kuacha jambo moja lililowafaa watu wote, tajiri na maskini, Mwislamu na asiye Mwislamu.

Kuzaliwa na ujana wake

Seyyid Barghash alizaliwa Zanzibar takriban mwaka 1837. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, ambaye alihamishia makao yake Unguja na kuigeuza kuwa kituo kikuu cha biashara ya karafuu, pembe za ndovu na, kwa masikitiko, watumwa. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Alikulia katika jumba lenye ndugu wengi wa baba mmoja na mama mbalimbali, na tangu ujana alijulikana kwa ukali, ukaidi na tamaa ya uongozi.

Oktoba 1856 Seyyid Said alifariki dunia baharini karibu na visiwa vya Shelisheli akiwa katika merikebu yake ya Victoria, akitokea Oman. Barghash alikuwamo katika safari hiyo. Merikebu ilipofika Unguja, alimzika baba yake usiku na kwa siri, akajaribu kuitwaa serikali kabla habari hazijaenea. Hakufanikiwa. Ndugu yake, Seyyid Majid, ndiye aliyekalia kiti.

Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 alikusanya wafuasi na kumwasi ndugu yake. Baadhi ya dada zake, akiwamo Bibi Salme, walimuunga mkono. Nyumba yake mjini ilipozingirwa, alitoroka akiwa amevaa mavazi ya kike na kwenda kujizatiti katika shamba lililokuwa nje ya mji. Majid alisaidiwa na wanamaji wa Kiingereza, uasi ukavunjwa, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay nchini India.

Uhamisho wa Bombay

Mara nyingi Mwenyezi Mungu humfundisha mja kwa njia asiyoitaka. Barghash aliishi Bombay takriban miaka miwili, hadi 1861. Alikwenda huko kama mtu aliyeshindwa, lakini alikuta mji mkubwa wa bandari uliofanana na Zanzibar kwa mambo mengi: msongamano wa watu, joto, meli kutoka kila upande, na maradhi yaliyokuja pamoja na meli hizo.

Katika kipindi hichohicho Bombay ilikuwa ikitoka katika hali ya kutegemea visima na matangi ya wazi. Mwaka 1860 ilikamilika kazi ya kuleta maji ya mabomba kutoka Ziwa Vihar, lililotengenezwa nje ya mji kwa kuziba mto. Kijana wa kifalme kutoka Unguja, ambako hata nyumba za matajiri zilitegemea ndoo na mitungi, aliishi katika mji huo wakati maji yalipoanza kuingia kwa mabomba ya chuma.

Mji ulioteswa na kipindupindu

Ili kuelewa uzito wa alichokifanya baadaye, yafaa tuitazame Zanzibar ya wakati ule. Mji ulikuwa umekua haraka kuliko mipango yake. Visima vilikuwa vifupi, vingi vikiwa karibu na vyoo na makaburi, na maji yake yalikuwa na chumvi. Takataka zilitupwa ufukweni na katika mkono wa bahari uliotenganisha mji wa mawe na Ng'ambo. David Livingstone alipopita Unguja mwaka 1866 alikerwa mno na harufu ya mji. Maji mazuri yalipatikana mbali, upande wa Mtoni na kwenye chemchemi za kaskazini, na meli zilikwenda Mtoni kujaza mapipa yao. Ndani ya mji, aliyekuwa na watumwa aliwatuma wakamletee maji, aliyekuwa na fedha alinunua, na asiyekuwa na chochote alichota kisima kilicho karibu naye, kiwe salama au kisiwe salama.

Kipindupindu kiliijia pwani yetu mara nne katika karne ile: mwaka 1821, kisha 1836 hadi 1837, kisha 1858 hadi 1859, na mara ya nne 1869 hadi 1870. Msomaji akiilinganisha miaka hiyo na maisha ya Barghash ataona kuwa alizaliwa wakati wa wimbi la pili, la tatu lilimkuta kijana anayeandaa uasi, na la nne lilimalizika muda mfupi tu kabla hajaukalia usultani.

Wimbi hilo la nne lilikuwa la kutisha. Daktari wa Kiskoti, James Christie, aliyekuwa akitibu watu Unguja wakati huo, aliifuatilia njia ya ugonjwa na kuandika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1876. Alionyesha kuwa ugonjwa haukuja kwa meli kama watu walivyodhani, bali ulishuka kutoka bara kupitia nchi ya Wamasai hadi Pangani, na kutoka hapo ukavuka bahari hadi Unguja mwishoni mwa mwaka 1869. Maelfu ya watu walikufa. Watumwa na maskini ndio walioangamia kwa wingi zaidi.

Wakati huo wanazuoni wa tiba duniani walikuwa bado wakibishana. John Snow wa London alikuwa amekwishaonyesha mwaka 1854 kwamba kipindupindu huenezwa na maji machafu, lakini wengi walishikilia kuwa kinaletwa na hewa mbaya. Kijidudu chenyewe kilithibitishwa na Mjerumani Robert Koch katika safari zake za Misri na India mwaka 1883 na 1884. Ni vyema kuikumbuka miaka hiyo, maana ndiyo miaka ambayo Unguja ilikuwa ikipata mabomba yake.

Kuutwaa usultani na mitihani ya mwanzo

Seyyid Majid alifariki Oktoba 1870. Miaka michache kabla ya kifo chake alikuwa ameanza kuujenga mji mpya upande wa bara na kuupa jina la Dar es Salaam. Barghash alipochukua nafasi yake hakuiendeleza kazi hiyo, na majengo yaliyoanzwa yakaachwa. Kwa hiyo sisi wakazi wa jiji hili tunaweza kusema kuwa mtawala huyu hakutupenda sana. Macho yake yote yalikuwa Unguja.

Mitihani ilimjia mapema. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja. Mikarafuu iling'olewa kwa maelfu, nyumba zilibomoka, na merikebu zake zilizamishwa bandarini. Mapato ya serikali yalitikisika. Kabla hajapumua, Januari 1873 Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kumtaka asaini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Alikataa, akihofia wenye mashamba na kuporomoka kwa uchumi. Ilipoonekana wazi kuwa manowari zingeifunga bandari yake, alisaini tarehe 5 Juni 1873. Usafirishaji wa watumwa baharini ukapigwa marufuku na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Hapa inatubidi tuwe wakweli. Mkataba ule haukuufuta utumwa wenyewe, uliopigwa marufuku kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897 tu, miaka tisa baada ya kifo chake. Mashamba ya karafuu yaliyoijaza hazina ya Barghash yalilimwa kwa jasho la watu wasiokuwa huru. Mwislamu anayejua jinsi dini yetu ilivyolifanya tendo la kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara ya madhambi hawezi kulipita jambo hili kimyakimya. Wema wa mtu hautufungi midomo kuhusu dhuluma ya zama zake.

Safari ya 1875

Mwaka 1875 Barghash alifunga safari ya kwenda Uingereza kwa mwaliko wa serikali ya nchi hiyo. Alipokewa na Malkia Victoria, akatembezwa viwandani, bandarini na katika miji mikubwa. Baada ya hapo alipitia Ufaransa na Misri akiwa njiani kurejea. Mwandishi wake, Zahir bin Said, aliandika kwa Kiarabu habari za safari hiyo, na kitabu kikachapishwa.

London aliyoiona ilikuwa imetoka tu kukamilisha mifereji mikubwa ya chini ya ardhi ya kuondoa maji machafu, iliyojengwa baada ya mji huo nao kuteswa na kipindupindu mara kadhaa. Na Misri aliiona nchi ya Kiislamu iliyokuwa mbioni kujenga reli, mifereji na viwanda vya kuchapisha vitabu. Aliporudi Unguja alikuwa mtu mwenye haraka. Alinunua meli za moshi zilizokwenda Bombay na kwingineko. Alileta mtambo wa kuchapisha vitabu, ukatumika kuchapisha vitabu vya fiqhi ya Kiibadhi. Alijenga majumba, likiwamo Beit al-Ajaib lililokamilika mwaka 1883. Katika utawala wake yalijengwa pia mahamamu ya Hamamni, si kwa ajili ya familia ya kifalme bali kwa ajili ya watu wa mjini, ambako mtu aliweza kwenda kuoga na kujisafisha.

Maji yanaingia mjini

Katika yote hayo, kubwa kuliko yote lilikuwa jambo ambalo wageni waliokuja kupiga picha hawakulipiga, kwa sababu lilifukiwa ardhini.

Barghash aliamuru maji ya chemchemi zilizokuwa nje ya mji, upande wa kaskazini, yaletwe mjini kwa mfereji na mabomba. Maji ya chemchemi yana faida mbili. Kwanza, hutoka ardhini yakiwa yamechujwa na mwamba, mbali na vyoo vya watu. Pili, chemchemi ikiwa mahali palipoinuka, maji huteremka yenyewe hadi mjini bila mashine. Na maji yanaposafiri ndani ya mfereji uliofunikwa na bomba lililozibwa, hayaguswi na ndoo chafu, hayaingiwi na maji ya mvua yaliyopita uchochoroni, wala hayakai wazi yakisubiri inzi. Kwa maneno mengine, bomba lilifanya kazi ambayo daktari hawezi kuifanya: lilikata njia ya ugonjwa kabla haujamfikia mtu.

Kufikia miaka ya 1880 maji hayo yalikuwa yakitiririka mjini. Na hapa ndipo penye nukta ya makala yetu. Barghash angeweza kuyaelekeza maji hayo kwenye majumba yake peke yake, na hakuna ambaye angemuuliza. Angeweza pia kuyauza, kwani hazina yake ilikuwa na mahitaji mengi, na wafanyabiashara wa mjini wangelipa. Hakufanya hivyo. Aliyatoa kwa watu wa mji bila malipo. Hamali wa bandarini, mwanamke mjane, Mhindi wa dukani, mgeni aliyeteremka kutoka jahazini na mwenye jumba la ghorofa walikunywa maji ya chemchemi zilezile.

Tutafakari maana yake kwa familia ya kawaida. Msichana aliyekuwa akiamka alfajiri kwenda kupanga foleni kisimani alipunguziwa mwendo. Mama aliyekuwa akimnywesha mtoto maji huku moyo ukimdunda alipata nafuu. Na muumini anayetawadha mara tano kwa siku aliyapata maji tohara yasiyo na harufu. Watu wa fiqhi husema tohara ni mlango wa Sala. Mtawala anayewapa watu maji safi amewafungulia mlango wa ibada na mlango wa afya kwa ufunguo mmoja.

Ni amri, si hisani ya siku moja

Huenda msomaji akauliza: je, si jambo la kawaida kwa mfalme kutoa sadaka? Ndiyo, lakini ipo tofauti kati ya kumpa maskini sarafu mlangoni na kuutengeneza mji ili maskini asihitaji kuomba. Sarafu huisha jioni. Bomba hubaki asubuhi, na humfikia hata yule ambaye mtoaji hakuwahi kumwona.

Historia ya Uislamu ina mifano ya namna hiyo. Masahaba walipohamia Madina, maji matamu yalipatikana katika kisima cha Ruma, nacho kilikuwa mali ya mtu aliyekuwa akiyauza. Sayyidna Uthman bin Affan (RA) alikinunua kwa mali yake na kukifanya cha Waislamu wote, naye mwenyewe akawa anachota kama wengine. Saad bin Ubada (RA), alipofiwa na mama yake, alichimba kisima kiwe sadaka kwa niaba yake. Baadaye Bibi Zubaida, mke wa Khalifa Harun al-Rashid, aligharimia mfereji mkubwa wa kuwapelekea mahujaji maji Makka, na jina lake likabaki katika mfereji huo kwa karne nyingi.

Na kwa upande wa watawala, Khalifa Walid bin Abdulmalik, aliyetawala kuanzia 705 hadi 715, aliwawekea wenye ukoma posho kutoka hazina ya umma ili wasiombeombe, akampa kila kipofu mtu wa kumwongoza na kila asiyejiweza mtu wa kumhudumia. Umar bin Abdulaziz, aliyekuwa gavana wa Madina kabla ya kuwa Khalifa, naye aliamuru wagonjwa wasioweza kujihudumia wawekewe watumishi kwa gharama ya serikali. Hawa hawakungoja kila mgonjwa aje kulia mlangoni. Waliandika amri, na amri ikawafikia waliokuwa mbali.

Barghash, kwa jambo hili moja, aliifuata njia hiyo. Na mfano wake haukupita bure. Mwaka 1887, yeye akiwa hai, tajiri Tharia Topan, aliyekuwa msimamizi wa forodha zake, aliweka jiwe la msingi la zahanati ya hisani ukingoni mwa bahari Unguja, jengo ambalo lingali likisimama. Na upande wa bara, mfanyabiashara wa Bagamoyo, Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897, alitoa mali yake kwa ajili ya hospitali ya wananchi hapa Dar es Salaam. Jina lake lipo hadi leo Muhimbili, katika jengo la wodi ya Sewahaji. Ni wangapi kati yetu tuliokwenda kumjulia hali mgonjwa Sewahaji bila kujua kuwa tunalitaja jina la mtu?

Mwisho wake

Miaka ya mwisho ya Barghash ilikuwa ya huzuni. Mwaka 1885 manowari za Wajerumani zilijipanga mbele ya jumba lake, na mwaka uliofuata Wajerumani na Waingereza wakapatana wao kwa wao kuhusu mipaka ya himaya yake. Nchi kubwa ya bara aliyoihesabu kuwa yake ilikatwa akitazama, akabakiwa na visiwa na ukanda mwembamba wa pwani. Rafiki aliyemtegemea, balozi wa Uingereza Sir John Kirk, hakuweza kumsaidia.

Ndugu zake nao hawakukubaliana juu yake. Bibi Salme, aliyemsaidia katika uasi wa 1859, ambaye baadaye aliolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886 na humo alimlaumu kwa ukali na kwa ugumu wa moyo kwa jamaa zake. Hilo nalo ni sehemu ya maisha yake. Yapo mambo ambayo mtawala anaweza kuwatendea raia elfu na akashindwa kumtendea dada yake mmoja.

Maradhi yalimdhoofisha. Mwanzoni mwa 1888 alisafiri kwenda Oman akitafuta nafuu, lakini hali haikubadilika. Alirejea Unguja mwishoni mwa Machi, na muda mfupi baada ya kuteremka alifariki dunia akiwa na umri wa takriban miaka 51. Ndugu yake, Seyyid Khalifa, akarithi.

Kilichobaki

Sasa tuyatazame aliyoyaacha. Himaya ya bara ilikwisha kabla yake. Meli zake hazipo. Jumba la Marhubi, alilolijenga mwaka 1882, liliungua mwaka 1899 na leo ni magofu. Beit al-Ajaib, fahari ya utawala wake, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Yote aliyoyajenga kwa ajili ya ufalme wake yalipatwa na uzee, moto au mikono ya wengine.

Lakini wazo la kwamba mji wa Unguja lazima unywe maji ya bomba yatokayo chemchemi halikufa. Waliokuja baada yake, wakoloni na wasiokuwa wakoloni, walirithi mji uliokwisha kuzoea kwamba maji safi ni haki ya mkazi na ni wajibu wa serikali. Waliyatanua, waliyakarabati, lakini hawakuweza kuwarudisha watu kisimani na kuwaambia kila mtu ajitafutie.

Ndugu zangu wa Mbagala, Tandika, Manzese, Tandale, Bunju na kwingineko, hili linatuhusu. Mitambo ya Ruvu Chini na Ruvu Juu imepanuliwa, na mabomba yamefika mitaa mingi ambayo miaka ya nyuma haikuwa nayo. Hata hivyo, zipo familia ambazo bado zinategemea kisima cha jirani au dumu la mkokoteni, na maskini hulinunua dumu hilo kwa bei inayozidi ile anayolipa mwenye bomba ndani ya ukuta wake. Mgao wa Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua kwa ukame, ulitukumbusha kuwa neema hii haijawa salama. Na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hilo ni jambo la kheri. Lakini kadi ya bima humpokea mtu aliyekwisha ugua, ilhali maji safi humzuia asiugue. Nchi inahitaji vyote viwili.

Kwa viongozi wetu, kuanzia mwenyekiti wa mtaa hadi ngazi za juu, maisha ya Seyyid Barghash yana funzo la wazi. Kalamu ya mwenye mamlaka ni amana. Saini moja inaweza kujenga ofisi yenye vioo, na saini moja inaweza kufikisha bomba mtaa ambao haujawahi kuonja maji matamu. Vyote viwili vitaulizwa Siku ya Hisabu.

Nasi tusio na mamlaka tusikae tukinung'unika tu. Msikiti wenye kisima kirefu unaweza kuwafungulia majirani, wakiwamo wasioswali humo. Mwenye nyumba anaweza kujenga choo kisichotapisha uchafu mtaani mvua ikinyesha, kwa sababu kumdhuru jirani ni dhambi hata kama hakuoni. Familia inayotaka kumfanyia marehemu wao sadaka yenye kuendelea, kabla ya kufikiria karamu kubwa ya hitima, ifikirie tangi na koki mbele ya madrasa au zahanati. Na mtoto anayefundishwa kutawadha afundishwe pia kutoyachezea maji yanayomtoa jasho mwingine.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amsamehe Seyyid Barghash makosa yake, awarehemu wale wote waliolima, waliochimba na waliobeba ili mji ule unywe maji, ambao majina yao hakuna aliyeyaandika, na atujaalie viongozi wanaoukumbuka mtaa wa mwisho kabla ya jumba la kwanza. Amin.

Wallahu aalam. Tukutane Ijumaa ijayo, inshaallah.